Nyumba Isiyochorwa

Chumba cha kazi cha Joha, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli kule Chang'ombe ya Dodoma, kilikuwa na kengele ya ng'ombe iliyotundikwa msumarini. Kabla ya kugusa brashi aliigonga mara moja kwa kijiti, akaketi mkekani, akafumba macho na kufuata pumzi zake mpaka mlio ukaisha kabisa masikioni. Ndipo aliponyoosha mkono. Wateja waliomkuta hivyo walidhani anaswali nje ya wakati. Mmoja aliwahi kuuliza kama ule ni uganga, naye akamjibu kwamba ni uganga kweli, tena una bei, akae nje asubiri.

Kengele ilikuwa ya marehemu baba yake. Kule kuketi alijifunza kwa Mama Hoa, Mvietnamu aliyekaa Dodoma miaka minne na mumewe mhandisi wa visima. Joha alikuwa akimpikia na kumfulia. Mama Hoa alikuwa mtu wa dini ya Buddha, na kila asubuhi aliketi kimya mbele ya kikombe cha maji, kisha akatandaza hariri kwenye fremu na kuchora milima. Siku moja alimwita Joha aache pasi, akampa brashi.

Hariri haina msamaha. Tone moja la rangi likigusa, linakimbia na uzi mpaka likutane na kizuizi, na kizuizi ni mstari wa nta uliouchora mapema. Ukitaka ukungu unatupia chembe za chumvi kwenye rangi mbichi, chumvi inanyonya na kuacha mawimbi. Mwisho unaikunja ndani ya magazeti na kuiweka juu ya mvuke kwa muda wa saa tatu, rangi ishike. Isipopata mvuke, hata jasho la kidole linaihamisha. Hayo yote Joha aliyashika kwa mwaka mmoja. Lililomchukua miaka ni lile la kuacha. Mama Hoa alikuwa akimkamata mkono katikati ya kazi na kumwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Usijaze. Pale hujagusa, picha inapumua pale."

Joha ni Mwislamu, babu yake alikuwa mtu wa dhikri, hakuona ugomvi wowote kati ya pumzi ya mama yule na pumzi ya babu. Mama Hoa alipoondoka alimwachia brashi kumi na mbili na muhuri mdogo wa jiwe, umechongwa jina JOHA, wa kugongwa kwa wino mwekundu pembeni ya picha iliyokamilika.

Basi akaja Octavian.

Octavian alikuwa afisa wa kampuni iitwayo Utulivu Milimani. Kijana nadhifu, viatu havina vumbi, na katika mji kama Dodoma hiyo ni dalili ya kuogopwa. Alieleza kuwa kampuni inajenga kituo huko juu, ng'ambo ya Kolo, ambako wageni na wakubwa waliochoka watakuja kukaa kimya na kujifunza kupumua. Joha aliuliza kama kweli mtu anatozwa kwa kupumua. Octavian akacheka, akasema dada, siku hizi hewa ndiyo biashara. Walitaka hariri ya mita tatu ya kutundika ukumbini, na bonde walilolitaka lilikuwa Isunka. Isunka ndiko alikozaliwa Joha. Octavian alilijua hilo kabla hajabisha hodi.

Akaenda. Alikaa kwa mama yake siku saba, na kila alfajiri alipanda juu ya jiwe kubwa na fremu mgongoni. Wakati ule wa mwaka ukungu hulala bondeni mpaka jua likomae. Alichora vilele kimoja nyuma ya kingine, vikififia kama sauti ya mtu anayekwenda zake. Alichora miamba na miti iliyopinda. Bonde lenyewe hakuligusa. Aliliacha jeupe, hariri tupu, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Na ndani ya weupe ule yeye aliwaona wote: mama yake akipuliza moto, Fabian, mwenzake wa shule, akiwakatia mbuzi majani, watoto wakienda kisimani na ndoo vichwani. Hakuwahi kuchora kitu akakipenda vile. Alidhani kila atakayetazama atawaona. Akagonga muhuri wake mwekundu, akamkabidhi Octavian hariri hata kabla ya mvuke, maana kijana alikuwa na haraka, naye akaahidi kuirudisha ikapate mvuke baadaye.

Hapo mtu hutamani kumshika Joha mabega amtikise. Katika watu wote wa Isunka, yeye ndiye aliyepaswa kujua, maana kengele ilikuwa ikining'inia juu ya kichwa chake.

Mwaka sabini na tisa, wakati Joha anajifunza kutembea, walikuja watu wa serikali na picha. Wakazibandika ukutani shuleni: makorongo, udongo mwekundu uliochanika, mizizi inayoning'inia hewani. Hakuna anayekataa kuwa makorongo yalikuwepo. Lakini katika picha zile zote hakukuwa na mtu hata mmoja, wala moshi, wala mlango. Tazameni ardhi yenu inavyolia, waliambiwa. Kisha mifugo yote ikaamriwa kutoka, ng'ombe, mbuzi, kondoo, hata punda. Baba yake Joha aliswaga kundi lake mpaka Bahi, akafika mwaka wa maji mengi, na tope na homa vikawamaliza mmoja mmoja. Alirudi kwa miguu na kengele moja. Mpaka anakufa, ukimuuliza ng'ombe wake waliuawa na ugonjwa gani, alijibu, "Picha."

Mtoto wa mtu huyo ndiye aliyechora bonde jeupe.

Wiki tatu baadaye Fabian alimpigia simu. Fabian ni mwenyekiti wa kitongoji, na walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, kwa hiyo hana adabu naye. Hakusalimia. "Njoo uone ulivyotuchora," akasema, akakata.

Joha alifika Isunka kesho yake na kuwakuta watu wamejaa darasani, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Hariri yake ilitundikwa juu ya ubao. Mbele alisimama Octavian pamoja na mpima ramani wa kampuni, kijana mpole aitwaye Henry, aliyekuwa akieleza kuwa droni ilipita juu ya bonde mara mbili na haikuona makazi. Kilichopo ni udongo, mawe na nyasi. Alhamisi watakuja wakubwa kutia saini kwamba eneo halina wakazi.

Fabian alisimama. "Sisi tuliokaa mbele yako, ndugu mpimaji, ni udongo au ni mawe?"

Watu wakacheka. Octavian naye alicheka, akangoja kicheko kiishe, kisha akanyoosha fimbo ya mwalimu kwenye hariri. Hakupandisha sauti. Alisema yeye ni mgeni, na droni ni mashine, vyote vinaweza kukosea. "Lakini huyu ni binti yenu. Amekaa juu ya jiwe siku saba akitazama bonde lenu. Mbona naye hakuona nyumba?"

Bibi mmoja aliinuka, akaenda taratibu mpaka kwenye hariri, akaweka kidole karibu na alama nyekundu ya pembeni.

"Na muhuri huu wa nani?"

"Wangu, bibi," Joha akajibu toka mlangoni.

Bibi akarudi kukaa. Watu wale wanaweza kubishana na neno, wakabishana na mvua, wakabishana hata na shehe. Lakini na muhuri hawabishani. Wameuona ukifanya kazi.

Joha alipita katikati ya madawati, akalowesha kidole kwa mate, akakigusisha kwenye ukingo wa mlima. Bluu ikakimbia kama mdudu aliyefunuliwa. Akamwambia Octavian kuwa hariri haijapata mvuke, na kwa hali ile wakubwa wakiipigia chafya Alhamisi itabaki kitambaa cha kufutia meza. Ampe siku tatu. Octavian alitazama bluu ile, akaitungua mwenyewe na kumkabidhi.

Mama yake alikuwa akipepeta uwele alipoingia. Joha alitandaza hariri kwenye fremu, akamweleza alichokusudia. Ataichora Isunka ndani ya weupe ule, nyumba kwa nyumba, kila paa mahali pake, na Alhamisi mtu asiweze kusema hakuona.

Mama hakuacha kupepeta. Aliuliza, "Zote?"

"Zote, mama."

"Baba yako hakuhesabu ng'ombe kwa kidole hata siku moja. Aliwaita kwa rangi zao. Na karani alipomlazimisha, alitaja wote isipokuwa mmoja. Unaacha mmoja ambaye hakutajwa. Huyo ndiye anayewaita wengine warudi."

"Na hawakurudi."

"Kwa sababu mwaka ule walihesabiwa wote. Waliwapitisha kwenye lango, mmoja mmoja, wakiwatia chaki." Mama akaweka ungo chini. "Chora, mwanangu. Lakini acha moja."

Joha alikesha na neno hilo kifuani, akaliona ni lile lile la Mama Hoa kwa lugha ya kwao. Lakini aache ya nani? Ukimwacha mwenzio nje ya picha kama ile, umemroga. Akaamua kuacha ya kwao. Ilikuwa heshima, aliona, kama mwenye nyumba anayekula mwisho.

Kwa siku tatu akachora. Nyumba za Isunka ni tembe, za kuta fupi na paa la udongo, zimezama ardhini nusu, zimeota majani juu. Wazee walizijenga hivyo ili mvamizi apite juu yake asijue. Joha alikwenda kwa kila moja, akaketi mbele ya mlango mpaka pumzi ikatulia, akarudi kwenye fremu na kuiweka: mstari wa nta, kahawia ya udongo, tone jeusi la mlango. Habari ikasambaa na watu wakaanza kuja kujitazama. Walikosoa. Mmoja alitaka zizi lake liwe kubwa zaidi. Fabian alidai choo chake kichorwe, kwa kuwa ndicho pekee kilichoezekwa bati kitongoji kizima na mke wake alikipigania miaka mitano. Joha akamwambia atakichora na yeye akiwa ndani. Walicheka wote, na kwa siku tatu zile Isunka ilikuwa kama kijiji kilichoposa.

Jumatano wakaikunja hariri ndani ya magazeti, wakaiweka juu ya mvuke katika pipa la mke wa Fabian la kupikia pombe ya mtama. Mama alisema hariri itatoka imelewa. Ilitoka imeshika. Joha alilowesha kidole akajaribu kila mahali, na hakuna kilichohama. Nyumba zilikuwa zimekaa. Idadi yake haitajwi, hata sasa.

Alhamisi ikatundikwa tena juu ya ubao. Wakubwa watatu walikuja na gari, wakasimama mbele yake. Joha alimtazama Octavian usoni akitafuta hasira. Hakuiona. Aliona kitu kama shukrani.

Henry, yule mpole, alisogea na simu yake na kuanza kuipiga picha hariri kipande kwa kipande, kutoka kushoto kwenda kulia. Alimgeukia Joha kwa heshima ya kweli, hakuwa na kejeli hata chembe. "Mama, hizi tembe droni haizioni. Paa ni udongo, chini ni udongo. Ningezunguka hapa mwezi mzima. Umeweka hata njia za miguu."

Octavian aliongea na wakubwa kwa sauti ya chini lakini darasa zima lilisikia. "Kwa hiyo, waheshimiwa, tuseme ukweli. Eneo si tupu. Limevamiwa, na mvamizi halipwi."

Neno moja lilikatwa kwenye karatasi kwa kalamu, jingine likaandikwa juu yake. Wakatia saini. Joha alifungua mdomo, Fabian naye akafungua mdomo, watu wakasimama, kelele ikajaa, na gari likawa limeshawashwa. Waliokuja mwaka sabini na tisa walileta picha zao wenyewe. Hawa walichorewa.

Octavian aliondoka na hariri. Joha alirudi Chang'ombe na kujaribu kufanya kazi, lakini kila alipogonga kengele hakuusikia mwisho wa mlio. Jumatatu, mama yake alipiga simu kwa namba ya kuazima. Alisema neno moja tu. "Njoo."

Kesho yake asubuhi pikipiki ilimshusha chini ya mteremko, ukungu ukiwa bado bondeni, akapanda kwa miguu. Nyumba ya kwanza aliyoifikia ilikuwa na alama ya X nyekundu kando ya mlango, ndefu kama mkono wa mtu, rangi imechuruzika. Ya pili nayo. Ya tatu. Zilifuata mpangilio wa hariri, kushoto kwenda kulia. Akamsalimia bibi yule aliyewahi kuuliza habari za muhuri. "Shikamoo, bibi." Bibi alikuwa akichambua mboga. Aliendelea kuchambua. Mwanamke aliyekuwa amesuka nywele za Joha harusini mwake alimvuta mtoto ndani na kurudishia mlango.

Fabian alikuwa amesimama mbele ya choo chake. Hata bati lilikuwa na X.

"Unachora vizuri," alisema. "Choo wamekipata bila kuuliza."

"Fabian, mimi..."

"Siku thelathini, wamesema. Baadaye tingatinga." Alikuwa hamtazami. "Nenda kwenu. Kwenu hawakupaona."

Alimwelewa alipofika. Ukuta wa mama yake ulikuwa safi, udongo mtupu, kama ulivyokuwa tangu Joha anazaliwa. Mama alikuwa ameketi kizingitini, mikono mapajani. Kando yake jiko lilikuwa na makaa mengi yanayowaka bila sufuria.

"Siku ya tatu hii," mama akasema, "hakuna aliyekuja kuomba moto."

Joha alichuchumaa. Aliuliza kama amewaeleza habari ya ile moja ya kuachwa. Mama akasema amewaeleza. Kwa kila mmoja, mlangoni kwake. Walimsikiliza mpaka mwisho, na wengine waliijua mila hiyo kuliko yeye. Kisha waliuliza swali moja.

"Waliuliza nini?"

"Mbona imeachwa ya kwenu."

Joha akaweka kichwa juu ya magoti ya mama yake. Heshima ile aliyoiwaza kwenye giza la chumba, ya mwenye nyumba anayekula mwisho, sasa aliiona kama walivyoiona wao: mtu aliyeuza nyumba za wenzake na kuficha ya kwao. Hata yeye angeona hivyo. Alimwambia mama kuwa atakwenda Dodoma, atatafuta wakili, ataandika magazetini, atasimama nje ya lango la kila ofisi mpaka wamfukuze. Mama alisema afanye hayo yote, tena aanze kesho. Halafu akasema, "Una ile nyekundu ya muhuri?"

Alikuwa nayo kwenye mkoba, kopo dogo la wino mzito. Haukutosha. Joha aliukoroga na rangi nyekundu ya hariri iliyobaki kutoka wiki ile, juu ya kifuniko cha sufuria, akainuka na brashi yake pana kuliko zote.

"Lete, nipake mimi," mama akasema. "Wewe umeshachora. Gonga kengele ya baba yako."

Kengele alikuwa nayo pia. Tangu Alhamisi hakuiacha. Akaigonga. Wote wawili wakakaa kimya pale kizingitini wakiufuata mlio, kikongwe ambaye hakuwahi kumwona Mama Hoa na binti aliyefundishwa naye, na katika ukungu ule milango kadhaa ikafunguka, maana Isunka nzima iliijua sauti ile. Mlio ulipokwisha mama alisimama, akauegemea ukuta kwa mkono mmoja, akavuta mstari toka juu kushoto. Mstari ukapinda kama njia ya mbuzi. Akapumua. Akavuta wa pili, ukaukata ule wa kwanza, ikawa X. Rangi ikamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko.

Walisikia hatua. Fabian alikuwa amekuja mpaka uani, na nyuma yake watu wengine wawili watatu, mbali kidogo. Aliutazama ukuta.

"Hodi, mama," akasema. "Naomba moto."

Kiberiti chake kilionekana wazi kwenye mfuko wa shati.

"Karibu, mwanangu. Chukua."

Akainama na kigae, akachota makaa mawili. Alikuwa bado ameinama waliposikia injini, chini kabisa, upande wa barabara ya Kolo, nzito kama za tingatinga, zikipanda mlima. Siku thelathini hazikuwa hata tano. Ukungu ulikuwa haujafunguka na hakuna kilichoonekana. Walisimama pale pale wakisikiliza, moja nyuma ya nyingine nyuma ya nyingine, na hakuna aliyezihesabu.